Zamu ya Kuogeshwa

Jumanne asubuhi Bibi Esta naye akaanza kuharisha, akawa wa nne.

Rahel ndiye aliyeileta habari uani, ndoo ya mashuka mkononi, upindo wa kanga umebana pua. Aliitua ndoo kando ya karo, akaangalia upande wa jirani, akahakikisha jirani yupo kwenye kamba yake ya nguo na masikio yake yako kazini, kisha akanong'ona kwa sauti ambayo ingefika mpaka stendi.

"Wifi, wanne sasa. Wazee watano, wanne wanaharisha. Mmoja tu ndiye mzima kama chuma, na huyo mmoja ndiye mgeni. Mimi simtaji mtu."

"Hujamtaja," Dorkas alimjibu. "Imebaki kumchora tu."

"Basi nikuulize. Kabla hajaja huyu bibi, nani alikuwa anaharisha humu ndani?"

Dorkas aliendelea kuanua glavu zake kwenye kamba, zimebanwa kwa vibanio, vidole vikining'inia chini, nyeupe kabisa. Alizifua kila jioni kwa sabuni ya unga, na asubuhi alizipaka poda ya watoto ndani ili ziingie bila kukwama. Jozi moja ilidumu wiki mbili, ikichanika kidole alitoa nyingine kwenye boksi. Mtaa mzima wa Utemini ulizijua glavu za Dorkas. Kuna mama mmoja wa genge alikuwa akisema kwamba kwa Dorkas mtu anaoshwa kidaktari, na maneno hayo yalimletea Dorkas wateja wawili.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, vyumba vinauzunguka ua, na mlangoni hapakuwa na kibao. Watu walisema tu "kwa Dorkas". Watoto wenye kazi zao Dodoma, Arusha na Dar walimletea wazazi wao awatunze kwa malipo ya mwezi, na kanisani au msikitini wakasema mzee yuko mjini kwa matibabu. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema nimempeleka baba akaogeshwe na mtu baki. Dorkas aliujua uongo huo na aliwalindia. Mgeni akiuliza kwenye simu, alijibu, "Ndiyo, bado yuko kwenye dawa." Kwa huduma hiyo hakumtoza mtu.

Kabla ya hapo alikuwa mfagizi wa wodi kwenye hospitali moja, miaka kumi na moja. Kuvaa glavu alijifunzia huko. Mfagizi anavaa jozi moja asubuhi, anapiga deki wodi nzima, choo na korido, anazivua zamu ikiisha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mgonjwa si sakafu.

Alianza na Mzee Laurenti, kama kawaida, kwa kuwa chumba chake kilikuwa karibu na jiko la maji ya moto. Laurenti ndiye aliyetangulia kuugua, Alhamisi iliyopita, baada ya kula nyama ya mnadani aliyoletewa na mjukuu wake. Sasa alikuwa na nafuu na aibu.

"Mama Eliana, nimekuchafulia tena."

"Hujanichafulia, baba. Umechafua shuka, na shuka halina kinyongo."

Alimfuta, akambadilisha pampasi, akasuuza glavu kwenye beseni lile lile, akazikung'uta. Chumba cha mbali Mzee Urbano alikuwa tayari anagonga kitanda kwa fimbo. Dorkas akaenda huko. Kisha kwa Bibi Rukaiya, akamfuta, akamnywesha uji, akampangusa mdomo kwa vidole. Kisha kwa Bibi Esta.

Mwisho alifika kwa Bibi Dina, yule mgeni kutoka Iguguno. Siku zote alikuta kitanda kimetandikwa na bibi amekwisha oga. Alikuwa na beseni lake, sabuni yake ya mche na kikombe chake, na tangu siku ya kwanza hakutaka mtu avishike.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wenzangu wameamkaje?"

"Hivyo hivyo. Bibi, leo niache nikusugue mgongo. Ndiyo kazi niliyolipwa."

Bibi Dina alizitazama zile glavu kitambo, kama mtu anayesoma barua. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Mgongo wangu niachie," alisema.

Dorkas alitoka ameudhika. Mtu ukimwogesha vizuri akafurahi, unasahau uzito wa kazi. Ila huyu alimfanya ajione kama amekuja kuomba.

*

Jumatano Mzee Urbano hakugonga kitanda. Dorkas aliona ukimya huo kabla hajafika mlangoni, akakimbia. Macho ya mzee yalikuwa yamedidimia, na ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama. Chrispin, mume wa Dorkas, alimbeba mgongoni mpaka kwenye bajaji yake, akampeleka hospitali. Walimwekea dripu mbili. Daktari, binti aliyeonekana mdogo kuliko Eliana wao, aliuliza ameharisha siku ngapi. Dorkas akasema tangu Jumamosi. Binti akaandika, akasema bila kuinua kichwa, "Mama, kwa umri huu hatungoji siku nne."

Alhamisi saa nne asubuhi mzee akafariki.

Deo, mtoto wake wa kiume, mwalimu wa sekondari Dodoma, alifika saa nane mchana na begi la mgongoni na viatu vya kazini. Alikuwa hajafika Singida tangu mwezi wa pili. Kwanza alilia, kisha akatafuta la kufanya, kama wanaume wengi wanavyofanya kwenye misiba. Alisimama uani kwa Dorkas, mikono kiunoni.

"Wengine wangapi wanaumwa?"

"Watatu," alisema Dorkas. "Ila wana nafuu."

"Na mmoja haumwi," alidakia Rahel kutoka jikoni. "Mimi simtaji mtu."

"Yupi?"

Rahel akatumia mdomo, akauelekeza mlango wa Bibi Dina. Bibi alikuwa ameketi hapo kwenye kigoda, anachambua mlenda wa kukaushwa kwenye ungo. Aliyasikia yote. Hakuacha kuchambua.

"Alikuja lini?"

"Wiki iliyopita. Siku moja kabla Laurenti hajaanza."

Deo alitikisa kichwa polepole. "Dada Dorkas, mimi ni msomi. Sisemi mambo ya kishirikina. Lakini kuna watu wanabeba ugonjwa na wenyewe hauwafanyi kitu. Iko wazi, hata kwenye simu ipo. Huyu mtu atengwe. Na baada ya mazishi tutakaa, wenye wazee wote, tuamue. Sitaki mzazi wa mtu mwingine afe kwa sababu tumeoneana haya."

Maneno yalikuwa ya akili na yalisemwa na mfiwa. Nani angeyapinga? Chrispin na Rahel walibeba godoro la Bibi Dina mpaka stoo, chumba cha kuwekea mashudu ya alizeti ya kulishia kuku. Bibi aliwafuata na beseni lake. Mlangoni aligeuka, akamwambia Deo, "Pole kwa msiba, mwanangu."

Deo alijifanya anatafuta kitu kwenye simu.

*

Jioni ile Dorkas alimpelekea chakula. Aliweka sahani chini, hatua mbili kutoka mlangoni, akaisukuma kwa ncha ya kandambili.

"Hata mbwa wangu nilikuwa namwekea karibu," alisema Bibi Dina.

Dorkas akasikia uso unachemka. Aliiokota sahani, akamwekea mapajani, akabaki amesimama bila kujua mikono aiweke wapi. Stoo ilinuka mafuta ya alizeti.

"Nisamehe, bibi. Nyumba imechanganyikiwa."

"Kaa kwenye gunia hapo. Nataka nikuulize vitu vidogo. Asubuhi unaanza na nani?"

"Laurenti."

"Aliugua lini?"

"Alhamisi."

"Ukitoka kwake?"

"Urbano. Yeye Jumamosi."

"Kisha?"

"Rukaiya. Jumapili." Sauti ya Dorkas ilipungua. "Esta, Jumanne."

"Na mimi hunigusi." Bibi Dina alikata tonge, akalichovya kwenye mlenda, akalishika bila kula. "Mwenye chakula ni Rahel, na wote tunakula chungu kimoja. Maji ni ya dumu moja. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu siku tisa, sina kazi, nikawa naangalia nani anaingia kwa nani."

"Lakini mimi navaa glavu!"

"Unavaa. Na wewe umeharisha?"

Dorkas alitikisa kichwa.

"Hujaharisha. Zimekulinda wewe. Ndiyo kazi yake ukizivaa namna hiyo."

Nje kuku walikuwa wanagombea mahali pa kulala. Dorkas alitazama mikono yake mitupu. Alimwona Mzee Urbano, alivyomfuta Alhamisi ile ya wiki iliyopita, na Ijumaa yake, na alivyomtoa tongotongo za macho kwa upole kabisa, kwa kidole kilichotoka kwa Laurenti. Alikuwa amempenda yule mzee kuliko wengine. Labda ndiyo maana alimshika zaidi.

"Kwa nini hukuniambia Jumanne?" alisema. Sauti yake ilitoka kama ya kugomba. "Ulizitazama hizi glavu. Nilikuona. Kwa nini ulinyamaza?"

"Kwa sababu nilikuwa mgeni wa siku saba, na wewe ndiye unayenilisha. Na kwa sababu mimi ni mwoga. Ngoja nikwambie mwoga wa kiasi gani."

Aliiweka sahani chini.

"Nilikuwa mkunga wa kienyeji. Miaka arobaini, Iguguno na vijiji vya pembeni. Mwaka mmoja wakati wa kuvuna uwele, wiki moja, nilizalisha wanawake watatu. Yule wa kwanza tayari alikuwa na homa. Nikatoka kwake nikaitwa kwa wa pili, nikatoka kwa wa pili nikaitwa kwa wa tatu. Nilinawa, ee. Maji matupu, beseni walilonawia wote, nikajifuta kwenye kanga. Wote watatu walikufa kabla kitovu cha mtoto hakijakauka."

"Bibi..."

"Nisikilize. Watu walitafuta mtu. Yule wa pili alikuwa na mke mwenza, mwanamke mkimya, hakuwa na maneno mengi. Wakasema ni yeye. Walimfukuza. Alipita mbele ya nyumba yangu na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, nami nilikuwa nimesimama na wenzangu tunamwangalia. Wakati ule sikujua. Miaka sita baadaye serikali ikatuita wakunga kwenye semina Kiomboi. Mwalimu akachora mikono ubaoni. Akasema, ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, sabuni, na maji yanayotiririka, na glavu hizi ni za mtu mmoja. Akaeleza kwa nini. Nikaelewa nimekaa pale pale kwenye dawati. Alipomaliza, nikapiga makofi na wenzangu. Nikapewa cheti na kisanduku cha vifaa."

"Na yule mwanamke?"

"Nilijua alipokwenda. Nauli ilikuwa ndogo tu. Sikwenda."

Dorkas alitaka kulia lakini aliona si haki yake.

"Sasa sikia," alisema Bibi Dina. "Badilisha unavyofanya, kuanzia kesho. Ila usiseme kitu kwenye kikao chao. Ukisema, nyumba itafungwa, na Rukaiya hana kwa kwenda, wewe unajua. Abraham, mtoto wa dada yangu, atakuja kunichukua. Safari hii acha nifukuzwe mimi."

*

Ijumaa, kabla ya kwenda Mtinko, kijijini kwa Mzee Urbano, kwenye mazishi, Dorkas alinunua maboksi matatu ya glavu. Alimwogesha Laurenti, akavua, akatupa, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akavaa nyingine kwa Rukaiya, akavua, akatupa. Chrispin alitundika kibuyu chirizi kwenye kila mlango: dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni imetobolewa inaning'inia. Kila mzee akawa na beseni lake na taulo lake lenye uzi wa rangi yake. Sakafu ikapigwa deki kwa maji yenye dawa. Na ile jozi iliyokuwa kwenye kamba, Dorkas aliitia kwenye shimo la takataka akaichoma, harufu yake mbaya ikamfuata siku nzima.

Jumamosi hakuna aliyeharisha zaidi ya mara moja. Jumapili asubuhi Bibi Esta aliomba ugali, akalalamika kwamba mboga haina chumvi.

"Si nilisema?" Rahel alishika kiuno katikati ya ua, mwiko mkononi, uso unang'aa. "Tangu mtu awekwe stoo, watu wamepona. Siku tatu tu! Mwenye macho haambiwi tazama!"

Jirani, upande wa pili wa kamba, aliitikia kwa mguno mrefu. Mpaka saa tatu Utemini yote ilikuwa inajua kwamba kwa Dorkas kulikuwa na bibi na kwamba ametengwa na watu wamepona. Wengine walimwongezea bibi jicho moja jekundu.

Dorkas alimvuta mumewe nyuma ya bajaji akamweleza kila kitu. Chrispin alisikiliza huku anafuta kioo ambacho kilikuwa safi.

"Nani mwingine anajua?"

"Bibi Dina."

"Na yeye amekubali kuondoka."

"Amekubali."

"Mama Eliana, mzee alikuwa na miaka themanini na tatu." Alisema hivyo, kisha akaona jinsi lilivyotoka, akakunja uso. "Namaanisha, hukukusudia. Umeshabadilisha. Sasa ukisimama mbele ya watu useme mimi ndiye, itamsaidia nani? Laurenti ataondolewa. Esta ataondolewa. Eliana ana mihula mitatu ya ada mbele. Bibi anaenda kwa mtoto wa dada yake, haendi porini."

"Anaenda na jina."

"Jina gani?"

"Hilo ambalo dada yako analitangaza tangu asubuhi. Litafika Iguguno kabla yake. Abraham ana mke, ana watoto. Unadhani kikombe chake kitawekwa wapi kwenye nyumba ile?"

Chrispin aliendelea kufuta kioo. Kila alichosema mumewe kilikuwa kweli, na ndicho kilichomchosha Dorkas. Kama angesema upuuzi ingekuwa rahisi.

*

Walikaa saa kumi, uani, kwenye viti vya plastiki vya kuazima. Deo alikuja na baba yake mdogo. Yasinta, binti wa Bibi Esta, alikuja na gari na dereva akabaki nje. Mjukuu wa Laurenti alipiga simu, ikawekwa sauti ya juu, ikakatika, wakaachana nayo. Ndugu wa Bibi Rukaiya hawakutuma mtu wala salamu. Mpwa wa Bibi Dina, Abraham, mwanaume wa miaka arobaini na ushee anayenunua alizeti vijijini, alikuwa amefika na pikipiki tangu saa tisa na hakuna aliyemkaribisha kiti. Alisimama karibu na lango, begi la bibi limefungwa nyuma kwa mpira. Bibi mwenyewe alikuwa mlangoni pa stoo, amevaa kitenge cha safari.

Deo alisimama. Alizungumza vizuri, kama anavyozungumza darasani. Alishukuru kwa msaada wa mazishi. Alisema hana ugomvi na mtu. "Ila tumeona wenyewe. Alipoingia, ugonjwa uliingia. Alipotengwa, ugonjwa umekata. Siyo uchawi, ni ushahidi. Mimi naomba bibi arudi nyumbani kwa heshima, na huko aliko watu waambiwe, ili wajikinge."

"Sawa kabisa," alisema Yasinta.

"Waambiwe nini?" Abraham aliuliza kutoka langoni. "Nikaseme nini kwa mke wangu?"

"Mimi simtaji mtu," Rahel alianza, "lakini—"

"Rahel, nyamaza," alisema Dorkas.

Alisimama. Alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi na sasa yote yalikuwa yametoroka. Aliona Chrispin ameinamisha kichwa. Aliona Bibi Dina anamtikisia kidole kidogo sana pajani, hapana, hapana.

"Ugonjwa haukuletwa na bibi," alisema. "Ulianza kwa Mzee Laurenti, kwa nyama. Ungeishia kwa Laurenti. Mimi ndiye niliyeutembeza. Nilikuwa nikimwogesha mmoja, na glavu zile zile nikaingia kwa mwingine. Nilizisuuza tu. Kila siku. Fuateni walivyougua, ndivyo nilivyokuwa nikiingia vyumbani. Bibi Dina hakuugua kwa sababu hakuniruhusu nimguse. Na ugonjwa umekata kwa sababu tangu Ijumaa kila mtu ana glavu zake na mimi nanawa. Siyo kwa sababu ya stoo."

Mwiko wa Rahel ulikuwa umebaki hewani. Hata kule kwa jirani, kamba iliacha kugongana na vibanio.

"Kesho asubuhi nakwenda kwa afisa afya wa kata nimwambie hivi hivi. Akifunga, afunge. Sikukusudia, lakini nilijua kujisifu kuliko kuuliza. Mwalimu Deo, baba yako nilimpenda. Sikwambii hivyo ili unisamehe."

Yasinta ndiye aliyesimama kwanza. Hakugomba. Aliingia chumbani kwa mama yake, na baada ya muda akatoka naye taratibu, Bibi Esta anauliza, "Tunakwenda wapi? Mbona ugali wangu sijamaliza?" Gari likawaka. Dorkas alilisikia mpaka lilipokata kona.

Deo alikuwa bado amesimama. Mkono wake ulikuwa kwenye mgongo wa kiti.

"Alikuwa wa ngapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Baba. Kwenye kuogeshwa. Alikuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Baada tu ya Laurenti."

"Ndiyo."

"Kwa nini wa pili?" Sauti yake ilikwaruza. "Chumba chake ni kile cha mwisho. Nimekiona. Kwa mpangilio angefuatwa mwisho."

Hapo Dorkas angeweza kusema lolote.

"Alikuwa hapendi kungoja," alisema. "Alikuwa anagonga kitanda mpaka niende."

Deo alitazama mlango wa kile chumba. Kitu kikamtoka kifuani, kicheko au siyo kicheko, hata yeye hakujua. "Kweli," alisema. "Hata Jumapili alikuwa anatoka kanisani kabla ya baraka." Akakaa kwenye kiti, akafunika uso kwa mikono, na baba yake mdogo akamwekea kiganja begani. Walikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka, macho yalikuwa mekundu na sauti kavu.

"Ndugu zangu nitawaambia. Wakitaka kushitaki, watashitaki. Mimi sijui. Leo sijui kitu." Alipita mbele ya Bibi Dina, akasimama kidogo, akatoka.

Uani wakabaki wenye nyumba na viti vya watu. Jua lilikuwa limeanza kuingia chini ya bati. Chrispin alianza kuvipanga vile viti, kimoja juu ya kingine, bila kumtazama mkewe, lakini alipopita karibu naye alimgusa kiwiko.

"Mwanangu," alisema Bibi Dina, "nilikwambia usiseme."

"Nilikusikia, bibi."

Bibi alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alisema kitu kwa Kinyiramba, kifupi, hakukisema kwa mtu yeyote.

Abraham alikohoa pale langoni. "Mama mkubwa, jua linazama. Tunakwenda au hatuendi?"

Wote walimgeukia Dorkas. Dorkas akasema, "Muulize mwenyewe. Mimi kesho huenda sina nyumba ya kumkaribisha mtu."

Bibi Dina aliitazama pikipiki, akautazama ua. Kwenye chumba cha tatu Bibi Rukaiya alikuwa anaita mtu, yeyote, amgeuze ubavu.

"Rahel," alisema bibi.

Rahel alishtuka. Kwa siku zote kumi na mbili walikuwa hawajaitana kwa majina.

"Abee."

"Huyu ametoka Iguguno tangu mchana hajatia kitu mdomoni. Chakula kimebaki?"

Rahel alisimama na mwiko wake, mdomo umefunguka. Halafu akaingia jikoni. Walisikia mfuniko unafunuliwa, sahani inatolewa, sufuria inakwanguliwa. Kisha sauti yake ikatoka, ndogo, ya mtu anayeuliza ndani ya nyumba ya wengine.

"Mlenda anakula, bibi?"

"Anakula," alisema Bibi Dina, akaanza kukunja mikono ya gauni ili aende kumgeuza Rukaiya.